Natafuta Jitu, Mwizi, Mchawi na Msaliti

Jumatatu, 3 Oktoba 2016

Siku kubwa! Nimeokoa kitabu.

Nilikuwa nanunua karanga sokoni Konyo Konyo. Mama karanga anachana karatasi kutoka kwenye kitabu kinene, anakunja, anajaza, anauza. Kiliachwa na kawaja mmoja, mzungu wa mashirika, aliyekimbia mwezi wa saba, vita vilipoingia mjini, na begi moja mgongoni. Nikapiga kelele. Mama akadhani nimeona nyoka. Ilibidi nimnunulie karanga zote za asubuhi ndipo aniachie kilichobaki. Alikuwa anachana kuanzia nyuma, kwa hiyo nusu ya kwanza ni nzima. Nusu ya pili imekwenda na wateja.

Haidhuru. Nusu ya kwanza inatosha kabisa. Ni riwaya ya Kiingereza, ya nchi yenye giza. Ufalme umeoza, mvua haikatiki, na chini ya mlima kuna kitu kinakula watu. Shujaa mwenye joho jeusi anataka kwenda kukiua. Lakini haendi! Kwanza anakusanya wenzake. Jitu. Mwizi. Mchawi. Na mmoja atakayemsaliti. Nusu nzima ya kitabu ni kukusanya watu tu. Wanapopanda farasi wote, kitabu kinaisha na karanga zinaanza.

Nimetaka kuandika riwaya kama hiyo kwa Kiswahili tangu tulipokuwa wakimbizi Arua, Uganda. Watu wa Malakia, mtaa wetu hapa Juba, wananijua kama Cirillo wa kuchaji simu. Watashangaa.

Mchana nikapita kwa Natalina, jirani yangu, anayeshona nguo barazani kwake. Alikuwa analia na kushona kwa pamoja, na mshono umenyooka. Bibi yake, Haboba Rebecca, aliyemlea kambini Uganda, bado yuko ng'ambo ya mto, Gumbo, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Kila jioni risasi zinasikika upande ule. Majirani wamehama. Natalina alikwenda Jumamosi kumchukua, Haboba akamrudisha. Alisema mtoto aliyemwogesha yeye hawezi kumhamisha. Anataka aje mwanamume mzima, akae, anywe chai, amwombe kwa heshima. Bila hivyo atakufa palepale na bata wake.

Nikasimama. Nikamwambia mwanamume huyo ni mimi.

Natalina akafuta macho. Tangu nirudi nchini sijatazamwa vile na mtu yeyote. Akasema, basi nenda kesho, kaka Cirillo. Hilo la kaka nitalirekebisha baadaye. Nikamweleza kwamba kesho haiwezekani. Safari ya namna hii ina taratibu zake.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimezisoma taratibu zote tena. Shujaa haendi peke yake. Shujaa havai shati tu. Sina joho, lakini nina koti la mvua, jeusi, lenye kofia, linanifika magotini. Nimelivaa. Jua la leo lilikuwa la kukaangia mayai juu ya bati.

Mwenza wa kwanza hupatikana kilabuni, kwenye kona yenye giza. Vilabu vyetu hufunguliwa jioni, na jioni watu wanakuja kuchukua simu zao. Nikaenda kwa mama chai wa Konyo Konyo, kwenye kona yenye kivuli. Na jitu langu lilikuwa pale! Lokosang, mchukuzi wa mizigo. Yule hubeba gunia la sukari huku akisalimia watu.

Nikaketi mbele yake, kofia imenifunika macho. Nikanyamaza muda mrefu, kama kitabuni. Halafu, kwa sauti nzito, nikamwambia kuna safari. Ng'ambo ya daraja. Kwamba nakusanya wanaume wenye nguvu. Kwamba siwezi kusema ni ya nini. Kwamba wengine hawatarudi.

Lokosang akaweka bilauri chini polepole. "Cirillo, mimi iko na watoto wadogo. Mimi naomba wewe. Andika mtu ingine."

Amekataa! Sawasawa na taratibu! Kitabuni jitu linakataa, linasema limechoka na vita, kisha linakuja lenyewe alfajiri na shoka begani. Nikampigapiga bega, nikamwambia asihangaike, jina lake limeshaandikwa na majaliwa. Naamini ilimgusa. Aliondoka bila kumaliza chai.

Nilipovua koti nilikuwa nimeiva kama muhogo.

Jumatano, 5 Oktoba

Lokosang hajaja alfajiri. Sokoni hayupo. Mkewe naye hakuja kuuza bamia. Nadhani wanatafuta shoka.

Alhamisi, 6 Oktoba

Siku ya mwizi. Kila mtu anajua ni Albino, anayeuza simu zilizotumika. Hajawahi kukamatwa hata mara moja, na hiyo ndiyo sifa ya mwizi hodari.

Nilipomwambia namhitaji kwa ajili ya vidole vyake alikasirika sana. Akaapa kwa watakatifu wote kwamba yule mbuzi wa Pasaka alimfuata mwenyewe. Nikamtuliza, nikamweleza safari. Akauliza kama ng'ambo kuna nyumba zilizoachwa wazi. Nikasema zipo nyingi. Akasema yala, twende, hata sasa hivi!

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwenza hakubali mara ya kwanza! Msomaji gani ataamini? Nikamwomba akatae kwanza. Akauliza kwa nini. Nikamweleza: unakataa, unasema wewe hufanya kazi peke yako, nakukumbusha marehemu kaka yako, unalia kidogo, unakubali. Akasema kaka yake hajafa, yuko Nimule mpakani anauza vitunguu. Nikasema kwa ajili ya safari tutasema amekufa. Akatema mate pembeni kufukuza mkosi.

Mwishowe akakataa, tena kwa ubaridi. Nikambembeleza. Akakataa tena. Safi sana. Nikamwambia sasa kubali. Akasema hapana. Alipokuwa anakataa alipata nafasi ya kufikiri, na ameona safari yenyewe haina kichwa wala miguu.

Kwa hiyo sina mwizi. Lakini kwa kukataa, nakiri, alikataa vizuri kuliko yule wa kitabuni.

Jioni Natalina akauliza kama nimekwenda. Nikasema maandalizi yamefika nusu. Akaniambia amempigia Haboba simu na kumwahidi kwamba mgeni yuko njiani. Jana usiku watu walipita na silaha karibu na kisima chao. Nikamwambia kwamba hatari ikiongezeka kabla ya safari ni dalili njema. Kitabuni iko hivyohivyo.

Alikata uzi kwa meno.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mchawi. Nilifikiri sana. Mtu mwenye ndevu nyeupe, fimbo, kitabu kikubwa na maneno ambayo wengine hawayaelewi. Malakia nzima yuko mmoja tu: Severino, katekista wetu, tunayemwita Mwalimu.

Nikamkuta anafagia sakristia. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwomba awe mchawi wangu.

Mwalimu akaegemeza ufagio ukutani. Akaniwekea mikono yote miwili kichwani akaanza kusali. Alisali muda mrefu, kwa Kibari, kwa Kiarabu cha Juba, na mwishoni kwa Kilatini kidogo. Nilisisimka, nikadhani ananipa nguvu. Alipomaliza akauliza kama siku hizi ninakula, na kama ninalala. Akasema tangu mwezi wa saba vijana wengi wako hivi, si aibu. Tena akanipa ndizi.

Sijui kama amekubali au amekataa. Nimemwandika kama mchawi mwenye mashaka. Wapo.

Nilipokuwa natoka akanikumbusha kwamba Padre hayupo, Jumapili ataongoza yeye, na mwenye tangazo alilete kesho kabla ya mchana.

Tangazo! Kwa nini sikuwaza mapema? Kumbembeleza mwenza mmoja mmoja ni kazi ya farasi na miaka. Sisi tuna matangazo baada ya misa. Ng'ombe akipotea anatangazwa. Harusi inatangazwa. Mtu anayetafuta ndugu yake aliyepotea vitani anatangazwa, na mara nyingine ndugu anapatikana.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimemchagua msaliti. Ilikuwa rahisi. Paulino, wa bodaboda, ambaye kila siku anaegesha pikipiki mbele ya baraza la Natalina na kusema anafuata kivuli. Kivuli kiko upande wa pili wa barabara! Meno meupe, anacheka kabla hujamaliza kusema. Msaliti kamili.

Bila shaka msaliti hapaswi kujua kwamba ndiye. Nikamwambia nina nafasi ya heshima kwa ajili yake katika safari ya kwenda Gumbo kumwomba Haboba.

Akacheka. Akasema yeye huenda Gumbo kila siku, mara nyingine kabla hata ya kunywa chai. "Panda tu, ya akhui, ndugu yangu. Tunaenda, unamwomba haboba, tunarudi naye watatu. Kwa Natalina mimi sitaki nauli."

Mnamwona? Kitu ambacho kimemchukua mwandishi nusu ya kitabu, huyu anataka kukimaliza juu ya pikipiki kabla ya chakula cha mchana! Hakuna jitu, hakuna mvua, hakuna hata mtu mmoja aliyekataa. Nikamwambia kwa ukali kwamba sijafikia hatua ya usafiri. Akawasha pikipiki akaondoka, bado anacheka.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu na tangazo langu. Alikuwa anawahangaikia watoto wa ubatizo, akalipokea bila kulisoma, akalitia katikati ya kitabu cha sala.

Jumapili, 9 Oktoba

Naandika kwa haraka. Sijui ni furaha au nini.

Tangazo langu lilisomwa kati ya kikao cha akina mama na ndoa ya watu wa mtaa wa Hai Jebel. Mwalimu Severino ni mtu mwaminifu. Akilipokea tangazo, analisoma lote kama lilivyo. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile anayosomea majina ya marehemu:

"Cirillo Gune wa Malakia anakusanya wanaume kwa safari ya ng'ambo ya daraja. Anahitaji jitu, mwizi na msaliti. Aliyewahi kupigana atapewa nafasi ya kwanza. Sababu ya safari wataambiwa huko mbele. Waje Jumanne nyuma ya kibanda chake. Wasimwambie mtu."

Kufika mwisho sauti yake ilikuwa imepungua, lakini alimwahidi Mungu kusoma, akasoma. Kisha, kwa desturi, akarudia lote kwa Kiarabu cha Juba ili wazee nao wasikie.

Mabenchi ya nyuma yakaanza kulia kwa kusogezwa. Wanaume walitoka mmoja mmoja, wameinama kama watu waliochelewa, sio wanaotoka. Halafu wawili wawili. Kwaya ilipoanza wimbo wa mwisho, besi zote zilikuwa zimeondoka na wimbo ukaimbwa na wanawake peke yao. Sijawahi kuona tangazo lililogusa watu namna ile.

Nje, mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono wa koti. Alisema ameshatoa wana wawili, mmoja huku na mmoja kule, na wote hawakurudi. Aliniomba huyu wa tatu nimwachie. Nikamtazama kijana mwenyewe, amejificha nyuma ya lango. Nikamhakikishia mama asiwe na wasiwasi, mwanawe ni mfupi mno kuwa jitu. Alianza kulia zaidi. Sikuelewa. Nilikuwa nimemkubalia!

Kisha Natalina. Alizungumza kwa sauti ya chini, na kwa Natalina hiyo ni mbaya kuliko kelele. Akaniambia Lokosang hatafuti shoka. Lokosang alichukua mke na watoto Jumanne ileile, akashika barabara ya Uganda, sufuria bado iko jikoni. Konyo Konyo nzima inasema Cirillo anaandikisha watu. Wengine wanasema ni kwa ajili ya walioko msituni, wengine kwa ajili ya serikali. Hakuna anayejua upande, na hilo ndilo linalowaogopesha zaidi.

Nikajitetea kwamba ni taratibu za riwaya tu. Akasema: "Cirillo, kila mtu aliyekuja kukusanya wanaume katika nchi hii alikuja hivyohivyo. Kuna safari. Haisemwi ya nini. Wengine hawatarudi. Wote wanajua kukusanya. Nusu ya pili hakuna hata mmoja aliyeisoma."

Nikamwambia ana jicho la mhariri. Aligeuka akaenda zake, na kwa mara ya kwanza hakuniita kaka. Huenda ni maendeleo.

Jumanne, 11 Oktoba

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa mgeni wa watu.

Walikuja wawili kibandani, miwani myeusi, mmoja mnene mmoja mwembamba. Hawakuwa na simu ya kuchaji. Waliniomba niingie kwenye gari lao kwa namna ambayo mtu hakatai hata kama taratibu zinamtaka akatae.

Chumba, meza, feni isiyozunguka. Mnene anauliza, mwembamba anaandika. Jitu ni nani? Nikasema alikuwa Lokosang lakini ameondoka. Mwizi je? Alijitoa. Msaliti? Nikasema yupo lakini mwenyewe hajui. Wakatazamana. Nikaeleza kwamba kitabuni wote wanakwenda kukiua kitu kilicho chini ya mlima. Mnene akauliza ni kitu gani. Nikasema hakuna ajuaye, kinanuka tu na kinakula watu. Mwembamba akauliza kama mlima ni Jebel Kujur, wa hapa Juba. Nikasema ni mlima wa kubuni. Akaandika, kisha akauliza uko jimbo gani.

Niliona njia pekee ni kuwasimulia hadithi yote. Nikaanza na mvua. Nikawapa jitu, mwizi aliyepoteza kaka, mchawi asiye na macho, yote. Na nilisimulia vizuri! Chai ikaletwa. Jitu lilipolia kwenye kaburi la mwanawe, mnene alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu wa kawaida kabisa, amechoka.

Nikafika mwisho: wakapanda farasi.

"Halafu?" akauliza mnene.

Nikasema sijui.

Hapo mambo yakaharibika. Wakauliza nani amenikataza kusema. Wakauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Nikasema karanga. Hawakuipenda. Wakanifungia chumba kingine nikae niukumbuke mwisho. Niliogopa sana, nakiri. Kulikuwa na majina yamechorwa ukutani, na baadhi nilikuwa nayajua.

Asubuhi mwembamba alitumwa Konyo Konyo kuthibitisha. Alirudi anatafuna. Mama karanga amesema kweli tupu. Halafu akaja Mwalimu Severino na rozari yake, akala kiapo kwamba ananijua tangu ubatizo, mimi si mtu wa hatari, ni mjinga tu. Aliapa kwa nguvu sana, niliona kama kupita kiasi. Wakaniachia. Koti la mvua wamebaki nalo kama ushahidi.

Mlangoni mnene alinishika bega. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kukusanywa, alipokuwa kijana. Siku ya kwanza watu huuliza wanakwenda wapi, akasema. Siku ya pili wanauliza watakula nini, na hapo ndipo unajua aliyekukusanya hakuwaza kitu. Mtu mwema, lakini hajui fasihi.

Mchana nilikaa nyuma ya kibanda kungoja wenza kama nilivyotangaza. Hawakuja. Hata wenye simu hawakuja kuzichukua. Nina simu nyingi za watu sasa.

Jumatano, 12 Oktoba

Haboba Rebecca yuko Malakia.

Paulino alimleta! Jumatatu, mimi nikiwa naulizwa kuhusu mlima, Natalina alimwomba, naye akapanda pikipiki akavuka daraja. Alikaa. Alikunywa chai. Akamwomba haboba kwa heshima. Wakarudi, haboba nyuma, bata mmoja kwapani. Ndiyo hadithi yote. Haitoshi hata ukurasa.

Nilikwenda kumwamkia. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, ameketi kwenye kigoda karibu na cherehani, na amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi, lenye mikunjo ya kukaa sana. Akauliza mimi ndiye nani. Natalina, bila kuinua kichwa, akasema: huyu ndiye yule mgeni.

Haboba akanigeukia.

"Ni wewe? Wamesema mgeni anakuja. Mimi ilivaa gauni hii. Imekaa mlangoni. Jioni imevua. Kesho tena mimi ilivaa. Kila siku mimi ilifanya chai ya wewe."

Nikauliza, ili tu kusema kitu, kama hakuogopa. Akasema aliogopa. Jumapili walichoma nyumba ya jirani, yeye akaona moto akiwa amekaa palepale mlangoni. Kimbilio lilikuwepo, kanisa la Gumbo, watu wote walikwenda. Lakini hakwenda. Mgeni akifika asikute nyumba tupu, ni aibu.

Nilitaka kusema samahani, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwambia badala yake kwamba kitabuni pia yumo kikongwe anayengoja, na kwamba ni sura nzuri kuliko zote. Haboba akamuuliza Natalina kwa Kibari nimesema nini. Natalina akajibu neno moja fupi. Haboba akanisogezea chai hata hivyo. Nimeinywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Paulino naye alikuwepo, anatengeneza mguu wa kigoda. Nilimchunguza kwa makini. Bado hajanisaliti. Anavuta muda.

Jumamosi, 15 Oktoba

Wameondoka.

Haboba alisema kama ni kuhama, basi ahame mara moja tu. Ana shamba la ndugu huko Adjumani, Uganda, tangu enzi za ukimbizi. Gari la mjomba wa Paulino lilikuwa linakwenda leo pamoja na msafara wenye askari. Natalina amefunga cherehani kwenye shuka, akafunga mlango, akampa Mwalimu ufunguo.

Kabla ya kupanda alikuja kibandani. Akaniambia amenikasirikia, na bado amekasirika, ila hapendi kuniacha hapa peke yangu, watu wananiogopa na wale wa miwani wanajua ninapokaa. Kuna nafasi moja nyuma, kati yake na haboba. "Twende, Cirillo. Chukua nguo zako tu."

Cirillo. Bila kaka.

Nilitaka kwenda. Naandika wazi hapa ambapo hakuna atakayesoma: sijawahi kutaka kitu namna ile. Lakini safari hii niliyeitwa ni mimi, na anayeitwa mara ya kwanza hukataa. Vinginevyo anaonekana rahisi. Nikakunja mikono, nikatazama mbali kuelekea mtoni, nikasema hapana, mimi hufanya kazi peke yangu. Nikangoja aniombe tena.

Natalina akasema haya, kaka, ubaki salama. Akapanda. Haboba akanipungia mkono ulioshika bata.

Nilikimbia nyuma ya gari hadi kwenye mzunguko, nikipiga kelele kwamba nimekubali. Askari wa msafara wakaninyooshea bunduki. Nikarudi.

Kosa ni lake. Hakuna riwaya ambamo mtu huitwa mara moja tu.

Jumatatu, 17 Oktoba

Kutwa nzima sikufungua kibanda. Baraza la Natalina lina vipande vya uzi mwekundu sakafuni. Nimevifagia. Kisha nimevirudisha.

Jumanne, 18 Oktoba

Ujumbe! Umeingia asubuhi, namba ya Uganda. Ni Natalina.

Wamefika salama. Haboba analalamikia maji lakini anakula. Paulino aliwafikisha mpakani akarudi siku ileile, ana wateja wake. Kwa hiyo hakuna Paulino! Anasema amenisamehe nusu, nusu nyingine niende nikaichukue mwenyewe. Kuna kazi ya kufundisha watoto kambini, wanatafuta mtu anayejua kusoma hadithi kwa sauti. Anasema msafara wa mwisho unaondoka Alhamisi, baada ya hapo barabara itafungwa na hakuna anayejua hadi lini. Nipande gari lolote. Mwisho ameandika: njoo, na uje peke yako.

Nimeusoma mpaka simu ikaisha chaji, nikaichaji, nikausoma tena. Nimecheka, nimelia kidogo, nimekula ndizi.

Sasa naandika kwa kichwa kilichotulia. Nimekaa nikachunguza wapi nilikosea mara ya kwanza, maana mtu mzima hujifunza. Jibu ni wazi. Wenza wanne walikuwa wachache. Hii "peke yako" ni kosa la mtu asiyejua riwaya, na simlaumu, ana moyo mzuri. Barabara ya Nimule yenyewe ni hatari kuliko mlima wowote. Ni lazima wawe saba. Jitu, mwizi, mchawi, msaliti, mwimbaji, pacha wawili wasiosemezana.

Leo ni Jumanne. Muda upo tele. Mchana nilimwendea Albino, nikamwomba akatae, naye kwa bahati nzuri amekataa papo hapo. Kesho naanza kutafuta pacha.

Nimemjibu Natalina: nakuja, namalizia tu kukusanya watu.

Hajajibu bado. Mtandao wa Juba, tunaujua.